Somo: Boti ya tanga inatetemeka ukiwasha injini, uanzie wapi?

Usinunue maunti (miguu ya raba inayobeba injini) kwanza. Wengi hapa Tanga hubadilisha zote nne, chombo kikirudi majini mtetemo ni ule ule, kumbe ubovu uko kwenye propela. Tafuta kwanza mtetemo unakuja wakati gani.

1. Gia ikiwa nyutro. Injini ikishapata moto, panda taratibu kutoka mizunguko 800 hadi 2,000 kwa dakika. Ikitetemeka hapa, propela haimo: ni injini au maunti. Kwa dizeli ya pampu ya kizamani, iache ingurume polepole, legeza nati ya bomba la nozeli nusu mzunguko, silinda moja moja. Ukilegeza na mlio usibadilike, silinda hiyo ndiyo iliyolala. Funika nati kwa kitambaa na uweke vidole mbali, dizeli ya presha hutoboa ngozi. Injini ya komoni reli (dizeli za kisasa za presha kubwa sana) usiiguse.

2. Weka gia, toka nje kidogo. Mtetemo unaokua kadiri unavyoongeza moto ni wa propela au shafti (chuma kirefu kinachoizungusha). Ukija kwenye 1,400 hivi kisha ukapotea, shuku maunti au kapilingi (kiungo cha giaboksi na shafti) iliyokaa upande. Kasi yake nayo inasema: injini ikiwa 2,000 na giaboksi 2:1, shafti huzunguka 1,000, karibu mara 17 kwa sekunde. Panga moja (bawa la propela) lililopinda hupiga kwa kasi hiyo. Mvumo wa haraka, mara 50 kwa propela ya panga 3, ni panga kupita karibu mno na tumbo la chombo. Iache nafasi isiyopungua asilimia 10 ya kipenyo cha propela.

3. Subiri bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana. Maji hukauka karibu saa nne asubuhi, pweleza boti kwenye mchanga laini ufanye kazi bila kuzamia. Kata mshipi na nyavu zilizojisokota kwenye shafti, kwangua magamba (panga moja likiwa na magamba na jingine safi, uzito haulingani tena). Funga kijiti pembeni, zungusha propela kwa mkono: ncha zote zipite umbali ule ule. Kisha inua shafti juu na chini. Kwa shafti ya milimita 25, ikicheza zaidi ya milimita 1.5 bushi inayoishika imekwisha.

4. Kapilingi pima chombo kikiwa kinaelea, tena kimekaa majini siku nzima. Hapa ndipo watu hukosea. Boti iliyopwelewa hukalia mkuku na tumbo hubadilika umbo, kwa hiyo vipimo vya mchangani ni bure. Fungua bolti, sogeza nyuso zikaribiane, pitisha fila geji (vibati vyembamba vya kupimia uwazi) juu, chini, kushoto na kulia. Kwa kapilingi ya sentimita 10, tofauti isizidi milimita 0.1. Sasa zungusha upande wa shafti robo, pima tena. Uwazi ukihama pamoja na shafti, shafti imepinda au uso wa kapilingi ni mbovu. Ukibaki palepale, rekebisha nati za maunti.

Swali (Mwambani): Fundi, nimetoa propela kuisafisha, nikairudisha, sasa inatetemeka kuliko mwanzo. Nati nimekaza sana.
Jibu: Huenda imepanda juu ya ufunguo wake (kipande cha chuma kinachoifunga kwenye shafti zizunguke pamoja). Itoe, irudishe bila ufunguo, weka alama ilipoishia kwenye shafti. Weka ufunguo, irudishe. Isipofika kwenye alama, ufunguo ni mrefu kwenda juu, upige tupa.

Swali (Pangani): Maunti mpya, kapilingi nilipima vizuri, baada ya wiki tatu mtetemo umerudi.
Jibu: Raba mpya hukaa chini ikishabeba uzito. Pima kapilingi upya, ndugu. Na tazama kama dizeli inadondokea raba, itaila.

Swali (Sahare): Panga limegonga mwamba, naweza kulinyoosha kwa nyundo?
Jibu: Ukinyoosha kwa jicho utabadilisha pembe yake. Mpelekee fundi mwenye kipimo. Na shaba ikiwa imegeuka rangi ya waridi, usiihangaikie, imeshaliwa na chumvi, nunua nyingine.