Kongamano la wapiga picha: kaa kwenye kipindi cha mkataba

Wenzangu wenye studio ndogo, mkilipia kongamano la fani yetu msiishie kwenye meza za kamera na lenzi. Hizo hata Kariakoo zipo. Kaeni kwenye vipindi vya bei na mkataba, hata kama ukumbi umejaa nusu. Huko ndiko nilikotoa vipengele viwili vilivyo kwenye kila mkataba wangu wa harusi leo: malipo ya awali hayarudishwi tarehe ikishafungwa, na hakimiliki ya picha ni ya nani, imeandikwa wazi kabla sijabonyeza kamera.

Kingine ni kanuni ya 3-2-1 ya kuhifadhi picha: nakala 3 za kazi, kwenye aina 2 za hifadhi, 1 ikae nje ya studio. Harusi hairudiwi, jamani.

Wakati wa chai, mwache msemaji mkuu na umati wake. Ongea na mpiga picha wa mkoa mwingine, mwenye bei zinazokaribiana na zako. Huyo ndiye mtakayepeana naye kazi za mbali. Mtumie ujumbe WhatsApp jioni ileile, ukimtajia mlichozungumza.