Tangi na Rili za Mtumba: Kusafisha Filamu Nyumbani Mombasa

Anayetaka kusafisha filamu za nyeusi na nyeupe nyumbani, yaani kuzitoa picha kwa dawa, hana haja ya kununua tangi jipya, kile chombo kisichopenya mwanga ambamo filamu hutiwa dawa, kwa kuwa la plastiki lililotunzwa vizuri hudumu miaka mingi. Kinachotakiwa ni kulikagua kabla ya kutoa pesa. Kwanza, hakikisha mrija mweusi wa katikati upo. Wauzaji wengi huudhani kijiti cha kushikilia rili tu, ile gurudumu yenye mifereji ambayo filamu huzungushiwa, kumbe ndio unaoungana na faneli ya kifuniko na kuzuia mwanga usipenye wakati dawa inapomiminwa. Tangi langu la kwanza, nililolitoa kwenye katoni la vyombo vya jikoni, halikuwa nao. Nililijaza maji, halikuvuja, nikaridhika. Filamu ya arusi ya binamu yangu ikatoka nyeusi tii mwanzo hadi mwisho.

Ukiwa na shaka, ukiwa gizani tia ndani yake kipande cha filamu isiyopigwa picha, funga, liweke tangi juani kwa dakika 10, kisha kisafishe kama kawaida. Kikitoka cheupe, chenye kupenyeza mwanga kote, tangi ni zima.

Rili ndiyo yenye kazi. Ile ya chuma iliyopinda hata kidogo usiinunue, kwani mizunguko ya filamu itagusana yenyewe kwa yenyewe, na dawa haitafika hapo. Ile ya plastiki, yenye gololi ndogo mbili zinazovuta filamu inapozungushwa huku na huku, husumbua kwa sababu ya utando wa dawa za zamani, hasa ile ya mwisho yenye sabuni. Iloweke katika maji ya moto kiasi, isugue mifereji yote kwa mswaki mkuukuu, na uitikise kando ya sikio: gololi zikicheza kwa sauti kavu, imesafika. Kisha ianike siku nzima, maana katika unyevu wa Mombasa rili inayoonekana kavu mara nyingi bado ina maji chini ya gololi, na filamu hunatia hapo hapo.

Jasho ni adui wa pili. Mikono ndani ya mfuko wa giza, ule usiopenya mwanga wa kuvishia filamu, hutota baada ya dakika chache, kwa hiyo mimi huvisha filamu kwenye rili usiku, chumbani, baada ya kuzima taa na kuziba mwanya wa mlango kwa kanga. Kata ncha ya filamu iwe nyoofu na uviringe pembe zake kidogo kwa mkasi. Ikikwama, usiisukume, kwani itakunjika na kuacha alama za mwezi mchanga kwenye picha. Iweke tangini pamoja na mrija, funga, ukaushe mikono, kisha uanze upya. Jizoeze kwanza mchana kwa filamu iliyoharibika, macho yakiwa yamefumbwa.

Kiasi cha dawa huandikwa chini ya matangi mengi; la rili moja la kampuni ya Paterson huhitaji mililita 290 kwa filamu ya milimita 35. Maji ya bomba huku ni vuguvugu, ilhali muda wa kawaida wa kusafisha hupimwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi, hivyo tumbukiza chupa za dawa katika beseni la barafu na utumie kipimajoto. Kwa suuza ya mwisho, maji ya visima vya Pwani yenye chumvi huacha madoa. Badala yake nunua maji ya betri, yasiyo na chumvi, kituo cha mafuta, ukisoma chupa vizuri usije ukapewa asidi, na uitoe filamu kwenye rili kabla ya kuichovya katika dawa ya sabuni.