Tundu la moyo ukubwani: jiandae hivi kuzibwa bila kupasuliwa kifua

Dada yangu aligunduliwa ana tundu kwenye moyo akiwa na miaka 34, miaka yote hiyo alikuwa anatibiwa pumu, akipanda ngazi za ghorofa moja tu anahema kama kakimbizwa. Nilimuuguza mwanzo mwisho, kwa hiyo naandika ili na wewe usiende kichwa kichwa.

Kwanza ujue tundu lako ni la aina gani. Linalozibika kwa mrija unaopitishwa kwenye mshipa ni lile la katikati ya ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya juu, madaktari wanaliita ASD sekandamu. Likiwa chini karibu na vali (milango ya moyo), mara nyingi ni kupasuliwa tu. Eko (kipimo cha picha ya moyo) ya kifuani peke yake haitoshi, ulizia ile ya kumeza mrija kooni maana ndo inaonyesha kama kingo za tundu zitashika kifaa cha kuzibia. Uliza na presha ya mapafu, ikishapanda sana kuziba kunaweza kukudhuru. Na kama saa ya chuma au hereni za bei rahisi huwa zinakuwasha ngozi sema mapema, kifaa kina nikeli ndani yake.

Siku yenyewe unakaa na njaa kama ulivyoelekezwa. Wanatoboa mshipa kwenye kinena, mrija unapanda mpaka kwenye moyo, kifaa kinafunguka kama visahani viwili, kimoja kila upande wa ukuta. Dada aliingia saa tatu asubuhi, saa tano keshatoka, jioni nikafunua shuka nikakuta kiplasta tu pale kwenye paja, nililia jamani. Ila mgonjwa alale chali masaa kadhaa mguu umenyooka, hata akilalamika mgongo usimkalishe mpaka nesi aseme.

Nyumbani ndo watu wanaharibu. Asprini kawaida ni miezi 6, usiache kisa unajisikia mzima, nyama ya moyo bado inaota kufunika kile kifaa. Ndoo za maji wabebe wengine kwanza. Ukitaka kung'oa jino ndani ya hiyo miezi 6 mwambie daktari wa meno, utahitaji antibayotiki kabla, na mimba isubiri mpaka daktari wa moyo aruhusu. Kifua kikibana, ukizimia au moyo ukienda mbio ghafla, nenda hospitali hapo hapo hata kama ni usiku.

Kwa Bongo anzia JKCI, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, nenda na majibu yako yote ya zamani hata yale ya pumu.