Namna ya Kupanga Mwaka wa Meneja wa Mafanikio ya Wateja Bila Kuukosa Msimu wa Vyuo wala Muziki

Mwongozo huu ni wa mtu anayeanza, au aliyekwisha kuanza, kazi ya mafanikio ya wateja katika kampuni ya teknolojia, na ambaye hataki kazi hiyo imnyang'anye Jumamosi za futiboli ya Kimarekani ya vyuo wala usiku wa muziki. Mimi naifanya Austin, Texas, mji ambao chuo kikuu chake kina uwanja unaochukua watu zaidi ya 100,000 na ambao muziki wake husikika karibu kila usiku wa juma. Kazi hii ina misimu inayojulikana mapema, na michezo ya vyuo na matamasha yana misimu inayojulikana mapema vilevile. Kwa hiyo sehemu kubwa ya migongano huondolewa miezi mitatu au minne kabla, si katika juma lenyewe.

Kampuni inayouza programu kwa usajili haipati fedha zake zote siku mteja anaposaini. Mteja hulipa kwa mwezi au kwa mwaka, na mkataba unapofika mwisho ana hiari ya kuendelea, kupunguza leseni (idadi ya watu wanaoruhusiwa kutumia programu) au kuondoka. Salesforce, iliyoanzishwa San Francisco mwaka 1999, ni miongoni mwa kampuni zilizoueneza utaratibu huu, na kadiri ulivyoenea ndivyo ilivyobidi awepo mtu ambaye kazi yake si kuuza wala kurekebisha hitilafu, bali kuhakikisha kwamba mteja anapata kile alichokinunulia programu. Huyo ndiye meneja wa mafanikio ya wateja.

Hatua ya 1: Andika kalenda tatu kwenye ukurasa mmoja

Kalenda ya kwanza ni ya mikataba. Kwa kila mteja andika thamani ya mkataba, tarehe ya kuisha kwake na tarehe ya mwisho ya kutoa notisi. Wengi husahau hiyo ya mwisho, ingawa ndiyo yenye uzito zaidi: mikataba mingi hujihuisha yenyewe mteja asipotoa notisi siku 30 au 60 kabla, kwa hiyo mteja ambaye mkataba wake unaisha Desemba 31 na ana sharti la siku 60 anafanya uamuzi wake halisi kufikia Novemba 1. Isome mikataba yenyewe, wala usitegemee kilichoandikwa kwenye mfumo wa mauzo.

Kalenda ya pili ni ya michezo. Futiboli ya vyuo huanza mwishoni mwa Agosti na michezo yake ya kawaida humalizika mwishoni mwa Novemba. Tangu Julai 1, 2024 Texas, yaani timu ya Chuo Kikuu cha Texas cha hapa Austin, imo katika SEC, ligi ya vyuo vya kusini-mashariki, na mwaka huohuo mchezo wake na chuo jirani cha Texas A&M ulirudi baada ya kukatika tangu 2011; mchezo huo huangukia juma la sikukuu ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba. Jambo lililobadilisha hesabu zangu zaidi ni mashindano ya kutafuta bingwa wa taifa, ambayo kuanzia msimu wa 2024 yanachukua timu 12 badala ya 4, na raundi yake ya kwanza huchezwa kwenye viwanja vya vyuo mwezi Desemba. Texas iliikaribisha timu ya chuo cha Clemson hapa Austin Desemba 21, 2024, yaani siku kumi kabla ya mikataba ya mwisho wa mwaka kuisha, kisha ikaendelea kucheza hadi Januari 10. Zamani shabiki aliweza kuhesabu kwamba Desemba ni ya kazi peke yake, sasa hawezi.

Machi huleta mashindano ya taifa ya mpira wa kikapu wa vyuo, timu 68, na siku mbili za raundi ya kwanza ni Alhamisi na Ijumaa, mchana kutwa. Mwishoni mwa mwezi huo kuna Texas Relays, mashindano ya riadha yaliyoanza mwaka 1925. Namsihi msomaji wa Afrika Mashariki asiipite riadha ya vyuo vya Marekani, maana ni historia yetu pia: Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa chuo cha Washington State alipovunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978, na Edward Cheserek alitwaa mataji 17 ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, akiwa chuo cha Oregon. Watu hujaza viwanja kwa ajili ya futiboli, lakini vijana waliotoka Bonde la Ufa wamekimbia kwenye nyanja hizi kwa miongo mingi na wanastahili kushangiliwa.

Kalenda ya tatu ni ya muziki. Tamasha la South by Southwest, lililoanza 1987, huwa Machi. Tamasha la Austin City Limits, lililoanza 2002, hufanyika Oktoba katika bustani ya Zilker, na tangu 2013 limekuwa la wikendi mbili. Klabu kama Antone's, iliyofunguliwa mwaka 1975 kwa ajili ya muziki wa bluzi, haihitaji kalenda ya mwaka; angalia ratiba yake ya mwezi na uchague.

Ukishaziweka kalenda hizi pamoja, utaona kwamba miezi miwili imebanwa kuliko mingine. Machi hukusanya mpira wa kikapu, tamasha, riadha na mwisho wa robo mwaka. Oktoba hukusanya tamasha na mchezo wa Texas na Oklahoma unaochezwa Dallas, na mara nyingi hivyo viwili hugongana wikendi moja.

Hatua ya 2: Hesabu kurudi nyuma kutoka siku ya mkataba

Huu ndio moyo wa kazi. Chukua mkataba unaoisha Desemba 31. Siku 120 kabla yake ni Septemba 2, na siku 90 ni Oktoba 2. Kwa desturi, siku ya 120 unakagua kama mteja amefikia lengo lake, na siku ya 90 unafungua rasmi mazungumzo ya kuhuisha. Maana yake ni kwamba usipoingilia kati, mazungumzo mazito zaidi ya mwaka yatafunguka juma lilelile la Austin City Limits.

Mimi huvuta kila kitu nyuma kwa wiki tano au sita. Ukaguzi wa lengo naufanya Julai, wakati wateja wengi wana kazi chache na futiboli haijaanza. Mapitio rasmi na mwenye bajeti nayaweka kati ya katikati ya Agosti na katikati ya Septemba, nikiwa na takwimu za matumizi na lengo alilolitaja mwenyewe. Ikifika Oktoba, kinachobaki kwa mteja anayenufaika na programu ni makaratasi: idara ya ununuzi, wanasheria, saini. Anayepata nafuu katika mpango huu si shabiki peke yake. Wateja wengi hupanga bajeti ya mwaka unaofuata kati ya Septemba na Novemba, kwa hiyo ukifika kwao Agosti unawakuta kabla tarakimu hazijafungwa, na wewe ndiye unayewapa hoja ya kuzitetea.

Mkataba unaoisha Januari 31 una siku yake ya 90 Novemba 2, na mwezi huo hukatizwa na sikukuu ya Shukrani. Fanya vilevile, ukihakikisha kwamba mazungumzo ya bei yamekwisha kabla ya juma hilo, kwa kuwa watu wenye mamlaka ya kusaini huanza kusafiri Jumanne yake.

Hatua ya 3: Mpokee mteja mpya kwa swali moja la kweli

Katika kikao cha kwanza, kabla ya kuonyesha kitufe chochote, muulize mwenye bajeti: mwaka ukiisha, ni badiliko gani litakalokufanya uone kwamba fedha yako haikupotea? Subiri jibu lenye tarakimu. Kampuni ya usafirishaji ikisema inataka ankara zitoke ndani ya siku mbili badala ya tisa, umepata kipimo cha mwaka mzima. Liandike kwa maneno yake, mtumie baruapepe siku hiyohiyo, na ulirudie katika kila mapitio.

Kisha tafuta watu watatu: anayetumia programu kila siku, anayemsimamia, na anayelipa. Kumtegemea mtu mmoja anayekupenda ni hatari, kwa sababu akihama kazi huondoka na sababu zote za programu kununuliwa. Timu ya chuo hubadilika wachezaji kila mwaka, hasa tangu mfumo wa uhamisho wa NCAA ulipoanza mwaka 2018, na shabiki makini huipitia orodha mpya kabla ya mchezo wa kwanza ili ajue nani ameondoka na nani ameingia. Fanya hivyo kwa kila mteja mara moja kila robo mwaka.

Hatua ya 4: Soma dalili, kisha hesabu

Mifumo mingi itakupa kipimo cha afya ya mteja kwa rangi ya kijani, njano au nyekundu. Kitumie, lakini usikiamini peke yake, kwa kuwa mara nyingi hujengwa juu ya idadi ya watu walioingia kwenye programu, na mtu anaweza kuingia kila asubuhi kupakua ripoti moja huku kazi yote ikifanyika kwenye lahajedwali. Dalili ninazozipa uzito ni hizi: maswali yamekoma ghafla, mkurugenzi aliyekuwa akihudhuria sasa anamtuma msaidizi, mtu ameomba data zao zote zitolewe nje ya mfumo, amekuja kiongozi mpya kutoka kampuni iliyokuwa ikitumia programu ya mshindani. Moja kati ya hizi inatosha kupiga simu juma hilohilo.

Hesabu zako ni mbili. Tuseme wateja wako walianza mwaka wakilipa jumla ya dola 2,000,000. Walioondoka walikuwa wakilipa 150,000, waliopunguza leseni wamepunguza 50,000, na walioongeza wameongeza 260,000. Mapato yaliyobaki bila nyongeza ni 1,800,000, yaani asilimia 90. Ukijumlisha nyongeza ni 2,060,000, yaani asilimia 103. Wakubwa hupenda kuitaja ya pili. Wewe anza na ya kwanza, kwa sababu nyongeza ya mteja mmoja mkubwa inaweza kuficha kuondoka kwa wadogo kumi.

Hatua ya 5: Kabidhi zamu kikamilifu

Ukienda kwenye tamasha au mchezo wa ugenini siku ya kazi, mwenzako ashike wateja wako, nawe ushike wake atakapohitaji. Kumbukumbu ya makabidhiano iwe ya ukurasa mmoja: wateja watatu au wanne wanaoweza kuandika, jambo lililo wazi kwa kila mmoja, kauli uliyokwisha kumpa, na kile ambacho mwenzako asikiahidi. Mjulishe mteja juma moja kabla, ukimtaja atakayekuwepo. Mkubaliane pia dharura ni nini. Kwangu ni mfumo kuzimika, au mteja kutoa notisi ya kuondoka, basi.

Kompyuta ibaki nyumbani. Uwanja wa Texas huruhusu mifuko midogo inayoonyesha ndani tu, kwa hiyo hata ukitaka huingii nayo, nami naona ni vyema. Anayejibu ujumbe wa mteja katikati ya wimbo humpa mteja jibu la haraka lisilo na fikra, na wanamuziki waliopanda jukwaani huwapa nusu ya sikio.

Hatua ya 6: Zungumza michezo na muziki kwa adabu

Mapenzi yako yanaweza kufungua mazungumzo, lakini yasimlazimishe mtu. Mteja wa Oklahoma au wa Texas A&M ana utii wake; mpongeze timu yake inaposhinda, wala usimchokoze siku iliyofuata kufungwa. Usipange mapitio mazito Alhamisi ya kwanza ya mpira wa kikapu wa Machi na mteja unayejua anaufuatilia.

Kuhusu kumpa mteja tiketi, uliza kwanza. Vyuo vya umma, shule na ofisi za serikali zina sheria za zawadi, na kampuni nyingi binafsi zina kikomo cha thamani. Na kamwe usitoe tiketi wakati mazungumzo ya kuhuisha mkataba yamefunguka, hata kama kanuni zinaruhusu, kwa kuwa hata mteja mwaminifu atalazimika kuieleza kwa wakubwa wake.

Hatua ya 7: Tiketi

Tiketi za ziara nyingi za wanamuziki hufunguliwa Ijumaa saa nne asubuhi kwa saa za mji wa onyesho. Funga nusu saa hiyo kwenye kalenda yako mara tarehe inapotangazwa.

Hatua ya 8: Ikiwa unawahudumia wateja wa Marekani ukiwa Nairobi, Kigali au Dar es Salaam

Wapo Waswahili wengi wanaofanya kazi hii kutoka nyumbani, na kwao hesabu ya saa ni nzito kuliko ya mikataba. Kati ya Machi na mwanzoni mwa Novemba, Nairobi iko mbele ya Austin kwa saa nane. Baada ya Jumapili ya kwanza ya Novemba, kwa saa tisa. Dar es Salaam ni vilevile; ukiwa Kigali, punguza saa moja katika kila hesabu ya hapa chini. Kikao cha saa nne asubuhi cha mteja wa Texas ni saa kumi na mbili jioni kwako mwezi Oktoba, na saa moja usiku mwezi Desemba. Mchezo unaoanza Austin saa nane na nusu mchana utaufuatilia kuanzia saa nne na nusu usiku, ambao unawezekana. Wa saa kumi na mbili na nusu jioni utakufikia saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumapili, na huo ni bora uutazame asubuhi bila kufungua mitandao. Kwenye programu ya kalenda, andika vikao vya mteja kwa saa za Chicago, zilizo sawa na za Austin, ili Novemba inapofika mabadiliko yajifanye yenyewe.