Jinsi ya kupima kama sheria mpya imebadilisha chochote

Sheria ikishaanza kutumika, wengi hukimbilia kulinganisha kabla na baada: ajira zimeshuka, basi sheria ndiyo iliyoua ajira. Lakini huenda ajira zingeshuka hata kama sheria isingekuwapo. Njia ambayo wachumi huitumia sana kukwepa mtego huo huitwa tofauti ya tofauti. Hesabu yake ni kutoa mara tatu tu. Jasho liko kwenye kuchagua nani alinganishwe na nani.

Anza na sheria yenyewe kabla ya kugusa data. Andika tarehe ilipopitishwa, ilipotiwa saini na ilipoanza kutumika, kisha soma vifungu vya misamaha: nani haguswi, na kuanzia kiwango gani. Watu hujipanga mapema. Kama waajiri walishapunguza watu tangu muswada ulipopita, nawe ukahesabu "kabla" hadi siku ya utekelezaji, sehemu ya athari imeshaingia upande wa "kabla" na jibu lako litakuwa dogo kuliko ukweli.

Kisha tafuta kundi la kulinganisha: wasioguswa na sheria, lakini wanaopigwa na mvua na jua lilelile la uchumi. Mfano unaofundishwa kila mahali ni wa wachumi David Card na Alan Krueger. Tarehe 1 Aprili 1992, jimbo la New Jersey, Marekani, lilipandisha kima cha chini cha mshahara kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa. Jirani yake Pennsylvania haikupandisha. Card na Krueger walihoji migahawa 410 ya vyakula vya haraka pande zote mbili, kabla na baada. Kwa wastani wa wafanyakazi kwa kila mgahawa, wa muda nusu wakihesabiwa nusu mtu:

New Jersey: 20.44 kabla, 21.03 baada, ongezeko 0.59.
Pennsylvania: 23.33 kabla, 21.17 baada, pungufu 2.16.

Toa la pili kwenye la kwanza: 0.59 − (−2.16) = 2.75. (Wao waliandika 2.76, kwa sababu ya kukadiria desimali.) Angalia hiyo namba inatoka wapi: sehemu kubwa yake ni kushuka kwa Pennsylvania, si kupanda kwa New Jersey. Kwa hiyo kila kitu kinategemea dhana moja, kwamba bila sheria New Jersey nayo ingeshuka vilevile.

Dhana hiyo haithibitishiki, ila inaweza kutiliwa shaka kwa haki. Chora mstari wa kila kundi kwa vipindi vingi kabla ya sheria. Makundi hayahitaji kuwa na viwango sawa. Yanahitaji kwenda sambamba. Mistari ikiwa imeshaachana kabla ya sheria, tafuta kundi jingine. Hapa ndipo utafiti ule ulipokuwa na udhaifu: ulikuwa na duru moja tu ya mahojiano kabla ya sheria. Kipimo kingine ni kujifanya sheria ilianza miaka miwili mapema. Ukipata "athari" kwenye tarehe hiyo ya uongo, usiendelee.

Kagua pia chanzo cha data. Namba za Card na Krueger zilitokana na mahojiano ya simu, na wachumi wenzao David Neumark na William Wascher walipotumia kumbukumbu za malipo ya mishahara walifikia hitimisho tofauti.

Kosa linaloangusha wengi huja mwishoni, kwenye kupima uhakika. Mtu ana wafanyakazi 50,000 kwenye data, anadhani ana ushahidi 50,000. Hapana. Huenda sheria imebadilika katika majimbo matano tu, na watu wa jimbo moja hutikiswa pamoja, mwaka hadi mwaka. Makosa sanifu, yaani kipimo cha jinsi jibu linavyoweza kuyumba kwa bahati tu, yakusanywe kwa ngazi ambayo sheria ilitungwa: watu wa jimbo moja wahesabiwe kama kundi moja. Mwaka 2004 wachumi Marianne Bertrand, Esther Duflo na Sendhil Mullainathan walibuni sheria za uongo kwenye data halisi. Bila marekebisho hayo, hadi asilimia 45 ya sheria hizo zilionekana kuwa na athari, badala ya asilimia 5 inayotarajiwa kwa bahati tu. Makundi yakiwa machache mno, hata kukusanya hakutoshi. Tumia mbinu za kupanga upya kwa bahati nasibu nani ameguswa, uone jibu lako ni la ajabu kiasi gani.

Sheria ikianza kwa nyakati tofauti sehemu tofauti, usiingize yote kwenye regresheni moja ya kawaida (hesabu ya kitakwimu inayokadiria athari ya wote kwa pamoja): walioanza mapema watatumika kama kipimo cha waliochelewa, na alama ya jibu inaweza hata kugeuka, kutoka jumlisha kuwa kutoa au kinyume chake. Linganisha kila wimbi, yaani kila kundi lililoanza pamoja, na wale ambao bado hawajaguswa.