Intaneti ya nyumbani inakatakata? Anzia hapa

Kabla hujampigia mtoa huduma, chomeka laptopu kwenye ruta kwa waya uitumie hivyo kwa muda, hapo ndo utajua tatizo liko wapi. Kwa waya haikati ila kwa WiFi inakata? Basi laini iko poa, shida ni mawimbi, toa ruta nyuma ya tivi uiweke juu pa wazi, ukiwa karibu tumia WiFi ya 5 GHz, ukiwa mbali ile ya 2.4 GHz ndo inapenya kuta vizuri ila kwenye mipangilio ya ruta chagua chaneli (njia ya mawimbi) 1, 6 au 11 maana hizo haziingiliani. Ikikata hata kwa waya na unatumia fayba (waya wa kioo unaoleta intaneti kwa mwanga), cheki taa iliyoandikwa LOS kwenye kifaa chake, ikiwa nyekundu fayba haipati mwanga, wapigie uwaambie hivyo hivyo. Na waya wa fayba msiukunje jamani, unavunjika ndani kwa ndani.