Jinsi ya Kurudisha Lenzi Mpya Yenye Kasoro kwa Muuzaji, Nairobi

Kabla ya kurudi dukani, thibitisha kwamba kasoro ni ya lenzi. Bandika kurasa za Taifa Leo ukutani, moja katikati na nyingine kwenye pembe nne, uweke kamera kwenye stendi sambamba na ukuta, kisha upige kwa kipima muda cha sekunde 2, kwanza tundu la lenzi likiwa wazi kabisa na baadaye kwenye f/8, yaani tundu likiwa limepunguzwa. Pembe zote nne zikififia kidogo tundu likiwa wazi, hiyo ni kawaida ya lenzi nyingi. Ikiwa herufi za kushoto zinasomeka ilhali za kulia zimevurugika hata kwenye f/8, geuza kamera juu chini. Ukungu ukihamia kwenye gazeti la upande wa pili, ukuta hauna lawama. Jaribu lenzi hiyo kwenye kamera nyingine ili kuiondolea kamera yako shaka.

Beba risiti, kadi ya waranti, boksi na picha za majaribio. Mhudumu atazitazama kwenye kioo kidogo cha kamera, ambako hata picha mbovu hupendeza, na kukwambia, "Mkubwa, hii iko sawa." Mwombe kwa upole azifungue kwenye kompyuta kwa ukubwa wa asilimia 100.

Hatua inayogharimu ni ya kukabidhi lenzi. Duka nililonunulia halikuwa na fomu ya kupokea bidhaa, na lenzi iliporejea kutoka kwa fundi ikiwa na mkwaruzo mpya kando ya pete ya fokasi, niliambiwa kwamba nilikuja nao, huku meneja wa kuamua jambo hilo akiwa daima "ametoka kidogo". Kwa hiyo andika barua mwenyewe, nakala mbili, ukitaja namba iliyochapwa kwenye lenzi, hali yake siku hiyo, kasoro uliyoiona, na kama unataka lenzi nyingine au fedha zako. Nakala yako ipigwe mhuri na kutiwa sahihi. Wakikataa, tuma barua hiyo kwa baruapepe ukiwa bado kaunta, na uondoke na lenzi yako.

Bango la "Bidhaa zikishauzwa hazirudishwi" lisikutishe, kwani Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya kufidiwa hasara inayotokana na kasoro. Unaweza kulalamika kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, au kufungua dai katika Mahakama ya Madai Madogo, Milimani, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 na hutakiwa kuamua katika siku 60. Si lazima uwe na wakili. Umshtaki mwenye jina lililoandikwa kwenye risiti, si lile la bango la mlangoni, kwa maana mara nyingi hayafanani.